Kitanda cha mfalme

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, mama anauliza utakuja lini.

Barua yako nimeipata. Unasema wanafunzi wako wakiulizwa kwa nini Mfalme Louis XIV wa Ufaransa aliihama Paris akaenda kukaa kasri la Versailles, nje ya mji, wanajibu tu, "Alipenda anasa." Anasa aliipenda, sikatai. Lakini mimi ningeanzia kitandani.

Baba yake alifariki mwaka 1643, mtoto hajatimiza miaka mitano. Nchi ikashikwa na mama yake, Anne, pamoja na waziri mkuu, Kadinali Mazarin. Vita na Hispania vilikula fedha, kodi zikapanda, na mwaka 1648 mahakama kuu ya Paris ikagoma. Baadaye makabaila wakubwa nao wakaasi. Februari 1651 uvumi ulienea mjini kwamba malkia anataka kumtorosha mwanawe. Umati ukafika ikulu, unataka kumwona kwa macho. Anne akaamuru milango ifunguliwe, watu wakapita chumbani kumtazama mfalme wa miaka 12, kalala, au kajifanya kalala. Hebu fikiria, Zuhura, watu usiowajua wamekuinamia usiku na wewe umefumba macho! Kila nikisoma hapo roho inaniuma.

Mazarin alipokufa Machi 1661, Louis akatangaza kwamba hatakuwa tena na waziri mkuu. Mwaka 1682 akauhamishia utawala wake Versailles, na huko watu wakaingia chumbani mwake kwa amri yake. Asubuhi makabaila walisubiri zamu zao kumwona akiamka. Usiku, kumshikia mfalme kinara cha mshumaa akivua nguo ilikuwa heshima ya kugombewa, na waliokuwa wakiigombea ni wana na wajukuu wa walewale waasi! Asiyeonekana pale alisahaulika penye vyeo na posho. Mwaka 1701 chumba hicho akakiweka katikati kabisa ya kasri.

Usiwaache lakini wakadhani mamlaka yake yalifika kila mahali. Vyeo serikalini viliuzwa, na kodi kuu haikuwagusa makabaila wala mapadri, ikamwelemea mkulima. Njaa ya 1693 na 1694 iliua zaidi ya watu milioni moja.

Na kuna jambo linaloniondolea huruma niliyomwonea. Ili kuwalazimisha Waprotestanti wabadili dini, aliwapeleka askari wakae majumbani mwao, wale chakula chao, walale vitandani mwao, wawatese mpaka wakubali. Mwaka 1685 akazifuta haki zao kabisa. Watu wapatao 200,000 wakaikimbia Ufaransa. Yeye, aliyeijua hofu ya wageni chumbani! Hapo ndipo ninaposhindwa kumsamehe.

Alifia chumba kilekile cha katikati, tarehe 1 Septemba 1715, baada ya miaka 72 ya ufalme.

Wasimulie kwanza habari ya yule mtoto, kisha ya wale askari, uniandikie wamesemaje. Wabusu watoto.

Ni mimi shoga yako,
Mwanaidi