Fundi, tuonyeshe faili likifunguka

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niseme na mafundi wa kompyuta wa huku kwetu Rungwe. Wa Mbeya mjini nao wasikilize, maana yanawahusu.

Nina steshenari hapa Tukuyu. Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea flashi, akitaka nimtolee picha za harusi ya bintiye. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa imepigwa Windows upya, na fundi alimhakikishia kwamba bekapu, yaani nakala ya akiba, ya kila kitu imo kwenye flashi. Nikaichomeka. Majina yote yapo, yamepangwa vizuri: harusi, shamba la chai, hesabu za kikundi. Ila kila moja lina kimshale pembeni, na ukubwa wake ni KB 2, kidogo mno kwa picha. Zilikuwa shotikati tupu, yaani alama za kuonyesha tu faili liko wapi, zinaelekeza kwenye mafaili ambayo diski yake ilishafomatiwa, yaani ilishafutwa yote! Mzee akaniuliza, "Sasa mama, si majina yake hayo hapo tunayaona?"

Fundi alilipwa kwa kunakili. Kurudisha mafaili kutoka kwenye nakala hakuna aliyejaribu, na huko ndiko kwenye kazi. Unaponakili, kilichomo kwenye kompyuta hukigusi. Unaporudisha, unaweza kufunika kilichopo: chukua hesabu za kikundi za Machi uziweke juu ya za Juni kwa jina lilelile, za Juni zimekwenda, na wanachama hawatakuelewa. Ndiyo maana nakala irudishwe kwanza kwenye folda jipya, au mashine nyingine, mafaili kadhaa yafunguliwe, ndipo diski ifomatiwe.

Wateja wengine huambiwa wasihofu, mashine ina System Restore. Hiyo hurudisha mipangilio ya Windows, programu na madraiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa kama printa). Picha za harusi hazimo. Na kwa radi za huku, diski ya nje isishinde imechomekwa kwenye kompyuta. Ikipigwa moja, zimepigwa zote mbili.

Ombi langu ni kwamba mteja asitoe hela kabla hajaona faili lake, la kuchagua mwenyewe, likifunguka kwenye mashine tofauti. Ni kazi ya dakika chache. Asiye na mashine ya pili aje kwangu, nitamfungulia bure, isipokuwa wiki za mitihani ya shule, maana foleni ya fotokopi huwa inafika barabarani.

Mwenye steshenari,
Tukuyu, Rungwe