Kwa Rehema, kuhusu viza ya Mama na safari yetu ya Adriatiki

Graz, Austria

Mpendwa dada Rehema,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji na watoto mkiwa wazima, kama nilivyo mimi hapa, alhamdulillahi. Habari za kazini na za kina Mwanakombo nitakuandikia siku nyingine, kwa maana leo kuna jambo lisiloweza kusubiri.

Ujumbe wako kwamba Mama amepata miadi ya ubalozini wiki ijayo umenifurahisha na kunitia wasiwasi kwa pamoja. Nimefurahi kwa sababu safari tuliyoanza kuizungumza tukiwa bado bwenini Korogwe sasa ina tarehe. Wasiwasi umeniingia kwa sababu umeandika, kama jambo dogo la kupita, kwamba kaka Idrisa amemjazia Mama fomu na ameomba viza ya Schengen (yaani ya zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao) ya kuingia mara moja, akiamini kuwa atakayeomba kidogo ataulizwa machache. Nakuomba sana, fomu hiyo isipelekwe kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho na kuzungumza naye.

Hesabu nami njia tuliyoipanga. Mama anafika kwako Gothenburg, Uswidi, na hapo ameingia Schengen mara ya kwanza. Mkija Graz, tukashuka pamoja kupitia Slovenia hadi Zagreb na kisha Split, bado yumo ndani, kwa kuwa Kroatia ilijiunga na Schengen tarehe 1 Januari 2023, siku ileile ilipoanza kutumia yuro. Lakini tukitoka Split kwenda Mostar tumeingia Bosnia na Herzegovina, na Mama ametoka Schengen. Tukiteremka kutoka Mostar kwenda Dubrovnik, iliyo Kroatia, anaingia mara ya pili. Tukiendelea Montenegro anatoka tena, na siku tutakapopanda ndege Tirana, Albania, kurudi Vienna anaingia mara ya tatu. Kwa hiyo hata viza ya kuingia mara mbili haitoshi. Ile ya mara moja itakuwa imekwisha kazi mpakani mwa Bosnia, hata kama siku zake bado hazijaisha.

Mimi na wewe hatuna shida, kwa sababu vibali vyetu vya ukaazi vinaturuhusu kutoka na kurudi, na Bosnia, Montenegro na Albania huwapokea wenye vibali hivyo kwa ziara fupi bila kudai viza nyingine. Ni Mama peke yake atakayezuiwa, na safari hii tunaifanya kwa ajili yake. Tena masharti ya Bosnia yanataja waziwazi viza ya Schengen ya kuingia mara nyingi, na Albania inaongeza kwamba viza hiyo iwe imeshatumika angalau mara moja, jambo ambalo Mama atakuwa amelitimiza kwa kuanzia kwako.

Najua kaka Idrisa atakujibu nini, kwa sababu ameshanieleza kwenye simu. Atasema kwamba tangu Julai 2022 kuna daraja la Pelješac, na kwa hiyo mtu anaweza kutoka Split hadi Dubrovnik bila kukanyaga Bosnia. Ni kweli. Zamani barabara ya pwani ilikatishwa na kipande cha Neum, pwani pekee ya Bosnia, yenye urefu wa kama kilomita 20, na msafiri alipita mpaka mara mbili katika mwendo wa muda mfupi. Sasa daraja lile, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2, linakuvusha juu ya bahari hadi kwenye rasi ya Pelješac, ukaendelea kupitia Ston, penye mashamba ya chumvi na ukuta mrefu wa mawe unaopanda mlima. Ni kazi kubwa ya uhandisi, na kwa watu wa Dubrovnik waliokuwa wametengwa na nchi yao wenyewe ni haki waliyoingojea muda mrefu. Lakini daraja hilo ni dawa ya asiyetaka kwenda Bosnia, na mimi nataka Mama aende Bosnia.

Nataka aione Mostar. Nataka akae kwenye kivuli karibu na mto Neretva, atazame daraja la mawe lililojengwa na msanifu Mimar Hayruddin na kukamilika mwaka 1566, lililosimama zaidi ya miaka 400 mpaka lilipoangushwa kwa mizinga tarehe 9 Novemba 1993, kisha likajengwa upya kwa mawe ya aina ileile na kufunguliwa mwaka 2004. Vijana wa mji bado hujirusha kutoka juu yake, kimo cha zaidi ya mita 20, kwenye maji ya baridi kali. Nataka asikie adhana ikitoka kwenye minara myembamba pande zote mbili za mto, ale nyama ya halali bila kuhangaika kuitafuta, na aone kwamba Ulaya ina Waislamu wa karne nyingi ambao hawakuja juzi kama sisi. Nguvu zake zikiruhusu, treni ya kutoka Mostar hadi Sarajevo hupita bondeni kando ya mto kwa muda wa kama saa mbili, na katika mtaa wa zamani wa Baščaršija msikiti wa Gazi Husrev-beg, wa miaka ya 1530, uko hatua chache kutoka kanisa la Waorthodoksi, kanisa kuu la Wakatoliki na sinagogi.

Shemeji ameuliza kuhusu vita, na swali lake si la kupuuzwa. Vita vya Bosnia viliisha kwa mkataba wa Dayton mwishoni mwa mwaka 1995. Kilichobaki ni majeraha: matundu ya risasi kwenye kuta, makaburi yenye tarehe zinazofanana, na mabomu ya ardhini ambayo bado hayajaondolewa yote katika baadhi ya misitu na milima, ndiyo maana hatutaacha barabara wala njia zinazotumika. Mjini watu wanaishi maisha yao ya kawaida. Sarajevo ilizingirwa tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996, na sidhani kama ni vyema kumficha Mama jambo hilo, yeye aliyewapokea majirani wakimbizi nyumbani kwake kwa miaka.

Yeye bado anaiita nchi yote ile Yugoslavia, na ana sababu. Katika ujana wake jina hilo lilitajwa redioni kila mara, enzi za Mwalimu Nyerere na Tito na nchi zisizofungamana na upande wowote. Wakati huo Split, Mostar, Dubrovnik, Kotor na Ulcinj zilikuwa katika nchi moja, na mtu angezipita zote bila kuulizwa karatasi. Mipaka hii inayotusumbua kichwa ni midogo kwa umri kuliko mimi na wewe, nayo ndiyo inayonifanya nirudi tena na tena kwenye kile kisanduku cha fomu.

Kuhusu Dubrovnik sitasema mengi, kwa kuwa picha zake unazo. Kuta zake zina urefu wa karibu mita 1,940 na ngazi zake ni nyingi, kwa hiyo magoti ya Mama hayataziweza. Tutampandisha mlima Srđ kwa kile kigari kinachoning'inia kwenye waya, auone mji mzima na bahari akiwa ameketi. Tutakaa usiku mmoja tu, maana vyumba ni ghali mno. Huko Split, kinyume chake, kuna mengi ya kuona bila kupanda. Kasri la mfalme Diocletian, aliyejiuzulu ufalme wa Roma mwaka 305, limegeuka mtaa ambamo watu wanaishi na kuanika nguo mpaka leo, na ndani yake kuna sanamu za mawe zilizoletwa kutoka Misri, zenye mwili wa simba na kichwa cha mtu.

Kotor, huko Montenegro, ina ghuba nzuri kuliko zote, yenye milima inayoshuka hadi majini, na boma juu ya mji ambalo wewe na mimi tutalipanda alfajiri Mama akiwa bado anapumzika. Kutoka hapo nataka twende mpaka Ulcinj, kusini kabisa mwa Montenegro, karibu na mpaka wa Albania. Hapa, Rehema, ndipo naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu uliniandikia kwamba Ulcinj iondolewe ili tupate siku ya ziada ya kuogelea.

Ulcinj ulikuwa mji wa mabaharia na maharamia chini ya dola ya Waturuki. Merikebu zake zilifika hadi pwani ya Afrika Kaskazini, na kwa njia ya Tripoli zililetwa familia za Waafrika waliokuwa wamefanywa watumwa. Walikuja kuwa watu huru, wengine wao mabaharia. Wakaoa, wakazungumza Kialbania kama wenyeji wenzao, wakazikwa pale. Mmoja wa wazao wao, Rizo Šurla, alikuwa mpiga picha anayejulikana sana mjini, na kwa miaka mingi sura za watu wa Ulcinj zilipita mbele ya kamera yake. Alifariki mwaka 2003, na wazao waliobaki ni wachache.

Njia yao ilikuwa ya jangwani, si ile ya majahazi ya kwetu. Hata hivyo Mama ni mtoto wa Pangani. Amekua katika mji ambako misafara ya karne ya 19 iliishia ufukweni, na alitufundisha sisi watoto tusipite kwenye magofu yale tukipiga kelele. Nadhani ana haki ya kusimama pale juu ya mji wa kale wa Ulcinj, akatazama bahari ambayo watu wenye ngozi kama yake waliletwa kuiona bila kuulizwa, na akawasomea Fatiha. Siku moja ya kuogelea haina uzito wa kulingana na jambo hilo. Na kama kuogelea ndiko kunakokusumbua, Velika Plaža iko palepale Ulcinj, ufuo wa mchanga wenye urefu wa zaidi ya kilomita 12, wakati sehemu kubwa ya pwani ya Kroatia ni mawe na kokoto zinazochoma nyayo. Karibu yake kuna mabwawa ya chumvi yaliyoacha kuzalisha, ambako heroe wanatua kwa makundi, na Mama atawafananisha na wale wa Natron aliowaona enzi zile akifundisha Arusha.

Jambo la kwanza atakalouliza ni upepo, nami nimejiandaa kumjibu. Wao wana bura inayoshuka milimani ikiwa kavu na ya baridi, na jugo inayopanda kutoka kusini na mawingu na mawimbi. Wavuvi wa huko huyapanga maisha yao kwa pepo hizo kama sisi kwa kaskazi na kusi. Septemba tuliyoichagua ni nzuri, kwa sababu joto limepungua, maji bado ni ya uvuguvugu, na bura kali kwa kawaida ni ya miezi ya baridi. Chakula hakitamsumbua: pwani nzima wanapika pweza, ngisi na samaki wa kuchoma, na mboga za majani zilizochemshwa na viazi.

Sasa nirudi kwenye fomu. Kwa kuwa Mama atakaa siku nyingi zaidi kwako, ombi linabaki la Uswidi, wala lisibadilishwe kuwa la Kroatia. Kwenye kisanduku cha idadi ya kuingia kiwekwe alama ya mara nyingi. Uambatishe barua yako fupi yenye njia yote, mji kwa mji na tarehe zake, pamoja na nakala za vibali vyetu na vyumba tulivyoweka kwa masharti ya kurudishiwa fedha. Afisa akiona sababu ya kila mpaka ataelewa kwa nini tunaomba mara nyingi; ombi lisilo na maelezo ndilo linaloleta maswali. Bima isipungue yuro 30,000 kwa ajili ya Schengen, ila hakikisheni imeandikwa pia Bosnia, Montenegro na Albania, kwa maana bima nyingi huishia kwenye mipaka ya Schengen. Wakimpa ya mara moja licha ya yote hayo, tutakaa Kroatia peke yake, tutapita kwenye daraja la Idrisa, na nitashukuru kuwa na Mama popote. Lakini tuombe kwanza.

Fedha nimeshaanza kuzigawa. Montenegro wanatumia yuro ingawa hawamo katika Umoja wa Ulaya, Bosnia wana marka, Albania wana leki. Vifurushi vyetu vya simu vya Ulaya vitaishia mpakani, basi tutanunua laini huko huko. Gari la kukodi naliogopa, kwa sababu makampuni mengi hayataki magari yao yavuke kila mpaka, na kulirudisha katika nchi nyingine kunagharimu sana. Mabasi yapo.

Nijibu haraka, tafadhali. Miadi ya Mama ni siku gani hasa, na je, anaweza kuisogeza mbele kama fomu itahitaji kuandikwa upya? Pasipoti yake ina muda gani uliobaki, maana inatakiwa iwe hai kwa angalau miezi mitatu baada ya kuondoka Schengen? Ni goti la kulia au yote mawili, na daktari amesema nini juu ya kutembea? Utazungumza na Idrisa wewe mwenyewe, au nimpigie mimi? Mwanakombo bado anataka kuja, na kama anakuja, atalipa nusu ya chumba cha Mostar? Na Ulcinj, Rehema, unakubali ibaki? Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa ili nilipie chumba chenye ngazi chache, kwa kuwa kimebaki kimoja.

Nisalimie watoto, na Mama umbusu mkono kwa niaba yangu kwenye simu.

Wako akupendaye,
Zuhura