Mama Naila, usilipie hoteli kabla hujaisoma hii

Shoga yangu,

Meseji yako nimeisoma jana usiku kwenye treni nikitoka kazini, miguu inawaka moto, nikacheka peke yangu mpaka mzungu wa pembeni akanigeukia. Eti "tutafutie hoteli safi, isiwe ghali, iwe karibu na mnara, mama akiamka auone dirishani". Hapo kwenye mnara wa Eiffel ndo tutagombana, ila tutafika.

Kwanza niseme hili kabla hujaniwazia vibaya. Ningewachukua mkae kwangu, unajua fika, mama yako kanilea mimi, leo aje Paris alale hotelini kama hana mtu? Lakini kwangu ni chumba cha juu kabisa chini ya bati, zamani walikuwa wanalala wafanyakazi wa ndani wa matajiri, mita za mraba 11, ghorofa ya sita, lifti hakuna, choo kiko koridoni tunachangia watu wanne. Mama na yale magoti yake atafika ghorofa ya pili aniulize kama huku ndo Ulaya nilikokimbilia. Na hata nikitaka kuwaalika kihalali kwa ajili ya viza, kuna karatasi ya kuomba manispaa na wanaangalia nyumba yako ina nafasi gani, sasa mimi nitawaonyesha nini, stuli? Kwa hiyo hoteli, na mimi nitakuja kila siku nikitoka shifti.

Unajua natandika vitanda hotelini mwaka wa nne huu, kwa hiyo nisikilize kama mtu wa jikoni anavyokwambia usiagize samaki leo. Usianze na bei, anza na lifti. Majengo mengi ya huku ni ya karne ya 19, yalijengwa kabla ya mambo ya lifti, wakaja kuipachika baadaye katikati ya ngazi kikabati hivi cha kuingia mtu mmoja na begi lake, begi likiwa kubwa mtu abaki. Na kuna za ajabu zaidi, lifti inaanzia baada ya kupanda ngazi saba nane. Kwenye tangazo wameandika lifti ipo, na kweli ipo! Kwa hiyo unapiga simu au unaandika, unauliza waziwazi: kutoka mlangoni mpaka kitandani kuna ngazi ngapi. Wakizungukazunguka kujibu, achana nao.

Mimi yalinikuta mwaka 2019, nilipokuja mara ya kwanza, kabla ya haya yote. Nilichukua kihoteli karibu na stesheni moja kubwa, picha zilikuwa nzuri balaa, maua dirishani. Ghorofa ya tano kwa miguu, ngazi za mbao zinazozunguka zimelika katikati kama kibao cha mbuzi, na chumba kiko chini ya paa la bati. Ikawa Julai. Tarehe 25 mwezi ule Paris ilifika nyuzi 42.6, haijawahi tokea tangu waanze kupima, na kiyoyozi hamna, dirisha lenyewe linafunguka nusu. Mtoto wa Tanga mimi, nilidhani joto nalijua. Nililoweka kanga kwenye sinki nikajifunika nayo, baada ya robo saa imekauka naloweka tena, hivyo mpaka alfajiri. Nilipowalalamikia pale chini yule kijana akaniuzia maji ya chupa.

Sasa mnara. Vyumba vinavyoona mnara unalipia dirisha, na usiku mama atakuwa amelala. Mnara mtaenda kuuona Trocadéro, uwanja ulio ng'ambo ya mto, giza likiingia, kila saa inapogonga unamemeta dakika tano, bure kabisa, mama ataenjoi kuliko kuuchungulia nyuma ya pazia. Nyie kaeni wilaya ya 13. Paris ina wilaya 20, zinaanzia katikati zinazunguka kama gamba la konokono, na ukiona anwani inaanza na 750 basi namba mbili za mwisho ndo wilaya, 75013 ni ya 13, 75001 ni pale Louvre, makumbusho makubwa. Ukiona 92 au 93 mwanzoni ujue ni nje ya jiji, si vibaya, watu tunaishi, ila matangazo yanaandika "Paris" tu kwa herufi kubwa.

Kwa nini ya 13, ni kwa sababu ya metro namba 14, treni ya chini ya ardhi. Shoga metro ya hapa usiione kwenye picha, ni ngazi tupu, unashuka unapanda unakata kona unashuka tena, stesheni nyingi hazina lifti kabisa. Lakini namba 14 ni mpya, imeanza 1998, na stesheni zake zote zina lifti. Unapandia stesheni ya Olympiades au pale Bibliothèque, zote ziko wilaya ya 13, unateremka Pyramides, unatembea kidogo umefika Louvre, mama hajapanda ngazi. Ukiwa na hamu ya kuona jiji kuna basi pia, na basi mama ataona watu na maduka, chini ya ardhi utaona nini. Tiketi ya metro mwaka 2025 waliifanya bei moja, ilikuwa euro 2.50 mwaka ule, popote mkoa mzima isipokuwa kwenda eapoti, kwa hiyo hata hoteli ya mbali kidogo haikuumizi kwenye nauli kama zamani.

Tena Olympiades ni mtaa wa Wachina na Wavietnam, mchele umejaa, mchicha upo, bamia zipo, pilipili za kuwasha kweli. Mama akichoka na mkate hana pa kulalamikia. Na Msikiti Mkuu wa Paris hauko mbali, wilaya ya 5 pale, umefunguliwa 1926, una bustani na chai ya nana, nataka nimpeleke mwenyewe.

Bei. Hoteli ya nyota mbili au tatu mtaa ule, ya kawaida, safi, hesabu kati ya euro 90 na 130 kwa usiku kama hamjaja siku za vurugu. Wewe umesema mwisho wa Septemba, hapana! Ile ni wiki ya mitindo, hata banda la kuku linapangishwa. Njooni Agosti katikati. Wenyeji wote wamekimbilia baharini, na pale Bibliothèque ni mtaa wa maofisi, hoteli zake zinaishi kwa watu wa suti, Agosti watu wa suti hawapo kwa hiyo bei inalegea. Ila Agosti kiyoyozi ni lazima, usinijibu kwamba mnatoka Tanga.

Halafu kuna kodi ya mgeni, mara nyingi haimo kwenye ile bei unayoiona, unadaiwa kaunta. Mwaka 2024 waliipandisha karibu mara tatu, sasa hoteli ya nyota tatu ni zaidi ya euro 5 kwa kichwa kwa usiku. Nyie wawili kwa siku tano ni hamsini na kitu, ambayo ni kanga doti ngapi hizo. Naila akija halipi, chini ya miaka 18 wamesamehewa.

Kitanda. Wakisema cha watu wawili mara nyingi ni upana wa sentimita 140, yaani haifiki hata tano kwa sita ya kwenu. Wewe na mama mtapigana viwiko. Omba vitanda viwili, na omba chumba cha upande wa uani, sio wa barabarani, bei ni ileile ila magari ya taka ya alfajiri hutayasikia. Mkifika msitupe mabegi kitandani. Wekeni bafuni kwanza, inua shuka kwenye kona za godoro, angalia kwenye mshono kama kuna vidoti vyeusi kama vya kalamu. Kunguni shoga, mwaka 2023 jiji zima lilikuwa halina stori nyingine, na wanakaa mpaka kwenye hoteli za maua dirishani. Ukiviona unashuka chini unaomba chumba kingine, usione haya, mimi kazini wakiniambia naheshimu kuliko mgeni anayekaa kimya akaja kutuandikia vibaya baadaye.

Na chooni hakuna maji! Karatasi tu. Mama mwambie mapema asije akapata mshtuko, beba kopo dogo la plastiki. Jagi la kuchemshia maji ya chai pia vyumba vingi hawaweki, njoo nalo, na adapta ya soketi maana zao ni matundu mawili ya duara.

Viza wanataka kuona hoteli imeshashikwa. Chukua ile unayoweza kuikansel bure, hata kama imezidi euro kumi, maana ile ya bei rahisi isiyorudishwa pesa ukinyimwa viza imeliwa na euro 90 ya ombi la viza nayo imeliwa. Viza ikitoka unaangalia bei upya, ikishuka unakansel unashika tena. Wengi hawajui, mimi naona kwenye orodha ya asubuhi, vyumba vya aina moja huyu kalipa 95 jirani yake 140.

Kutoka eapoti treni mwaka 2025 ilikuwa euro 13 kila mmoja, lakini mna mizigo na magoti, chukueni teksi, bei imepangwa na serikali, kwa upande wenu wa mto Seine mwaka 2025 ilikuwa 65 kutoka eapoti ya Charles de Gaulle, haipandi hata kukiwa na foleni. Mpange mstari nje, yeyote atakayewafuata ndani kuwanong'oneza "teksi, teksi" mpiteni.

Nitumie tarehe kabla ya Ijumaa niombe ofu. Hoteli ninayofanya mimi usiiwaze, ina ghorofa nne na lifti imekufa tangu Pasaka. Mama mpe shikamoo zangu, mwambie na dagaa asisahau, wale wakavu wadogo, afunge vizuri maana chumba changu hakina pa kufichia harufu.

Wako,
Mama Ilyas