Ripley pale mlangoni

Makorora, Tanga

Shoga yangu kipenzi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, na mama kila siku anauliza utakuja lini. Nina jambo ambalo sina wa kumweleza ila wewe, mtu wa afya bandarini.

Juzi usiku niliitazama tena "Alien", ile filamu ya Ridley Scott ya mwaka 1979 tuliyoiona kwenye banda la video Ngamiani tukajifunika kanga. Kile kidude kinachopasua kifua cha Kane, mmoja wa mabaharia wa chombo cha angani, mezani bado kinatisha. Lakini safari hii roho ilinipaa mapema zaidi, pale mlangoni.

Unakumbuka? Nahodha Dallas na Lambert wamemleta Kane, dubwana limemganda usoni, wanataka waingie chomboni. Ripley ndiye mkubwa aliyebaki ndani. Anasema karantini ni saa 24, hafungui. Nahodha anaamuru, Lambert anapiga kelele, naye kashikilia neno lake. Anayefungua ni Ash, afisa wa sayansi, ambaye kanuni hiyo ilimhusu kuliko wote! Baadaye ndipo wanagundua kwamba Ash ni roboti, na ana amri ya siri ya kampuni: kiumbe kifikishwe, mabaharia wakifa na wafe. Kati ya watu saba akapona Ripley peke yake, na paka.

Wapo wanaosema Ripley hakuwa na huruma pale. Siwakubalii kabisa. Waliokuwa ndani nao ni watu. Wewe unalijua hili kuliko mimi: meli ikitoka ng'ambo hupandisha bendera ya njano kuomba ruhusa ya afya, na kabla ya ruhusa hiyo hashuki mtu, hata awe nani.

Halafu, shoga, unajua aliyevaa lile vazi la mnyama ni nani? Bolaji Badejo, kijana wa Nigeria aliyekuwa akisoma sanaa London, mrefu kupita mita 2. Hakuigiza filamu nyingine tena. Nilirudisha nyuma nimtazame yeye tu anavyojikunjua gizani, taratibu, miguu mirefu. Niliona fahari, na uchungu pia, maana uso wake hauonekani hata mara moja.

Itafute uitazame, kisha unijibu kwa ukweli: mkubwa wako yuko nje anakuamuru, mwenzako anakata roho mikononi mwake. Ungefungua?

Wabusu watoto.

Shoga yako