Darubini haifii uwanjani, inafia kabatini

Mwongoza watalii mmoja alikuja dukani kwetu Kigoma, tunakotengeneza kamera na darubini, akiwa na darubini ya macho mawili, akaiweka mezani ikiwa bado ndani ya begi lake la ngozi. "Fundi, hii naitunza kama mboni ya jicho. Tangu mvua zianze sijaitoa humu." Tulipofungua zipu ilitoka harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi. Tukamulika lenzi ya mbele kwa tochi ya simu, kwa upande: nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zimetoka ukingoni na kutawanyika kuelekea katikati kama mizizi ya mchicha. Hiyo ni kuvu. Yeye alichokuwa anakiona ni kwamba sokwe wa Gombe wameanza kuonekana kama wako nyuma ya neti.

Kazi nyingi zinazofika hapa dukani, iwe kamera, darubini ya kuangalia ndege au darubini ya nyota, zina hadithi hiyohiyo. Hazikuangushwa. Zilifichwa. Kuvu inataka unyevu, giza, hewa isiyotembea na chakula kidogo tu, yaani mafuta ya vidole na vumbi lililobaki kwenye kioo. Kati ya Novemba na Aprili, hapa kandokando ya Ziwa Tanganyika, begi la ngozi lililofungiwa kabatini linaipa vyote hivyo bila malipo. Ngozi yenyewe inashika maji.

Ubaya wake ni kwamba kuvu ikishaota inatoa asidi inayokula utando unaozuia kioo kurudisha mwanga, ile rangi ya zambarau au kijani unayoiona ukiinamisha lenzi. Ukiwahi, tunafungua, tunasafisha, inaisha. Ukichelewa, kuvu tutaitoa lakini alama itabaki kwenye kioo, na hapo hakuna fundi wa kukurudishia. Ndiyo maana tunakagua kwanza, tena bure, na hatufungui skrubu hata moja kabla hujaambiwa kama kioo chako kinaponyeka.

Dawa ya nyumbani ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Nunua ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaokaza, weka kifaa ndani bila begi lake, pamoja na pakiti za silika jeli (punje zinazovuta unyevu). Ukipata na kipima unyevu kidogo, lenga asilimia 40 hadi 50. Mchele uache kwa ajili ya pilau; hauvuti unyevu wa kutosha na unaacha unga kila mahali. Punje za silika zikibadilika rangi maana yake zimeshiba maji, zikaushe kwenye sufuria juu ya moto mdogo mpaka rangi yake irudi. Zile za bluu zina kobalti, ambayo ni sumu, kwa hiyo sufuria hiyo isirudi kupikiwa. Sisi tunauza za rangi ya chungwa.

Na usiku ukirudi kutoka kutazama nyota, kioo kikiwa na umande, usikifute. Kiache wazi ndani ya chumba hadi kikauke chenyewe, ndipo ufunge. Kufunga umande ndani ya ndoo ni sawa na kupanda mbegu.

Wateja wetu wa Tabora wana kesi tofauti: vumbi. Kiangazi kinapokolea, kila kitu kinakuwa chekundu, na mtu anashika pindo la khanga au fulana anasugua lenzi. Vumbi lile ni mchanga, jamani. Puliza kwanza kwa pampu ndogo ya mpira (si kwa mdomo, mate yanafika), pitisha brashi laini, halafu kama bado kuna alama ya kidole ndipo utumie karatasi ya lenzi na tone la alkoholi. Kwa darubini za kioo (zinazokusanya mwanga kwa kioo kama cha kujitazamia badala ya lenzi ya mbele) ushauri wetu ni wa kivivu kabisa: vumbi kidogo kwenye kioo kikubwa liache. Halipunguzi picha kama mikwaruzo inavyopunguza.

Kuhusu kununua. Boksi likiandikwa kwamba darubini ya milimita 60 inakuza mara 525, rudisha rafuni. Kikomo cha maana ni takriban mara mbili ya kipenyo kwa milimita, kwa hiyo ya 60 inaishia mara 120, ukizidisha hapo unakuza ukungu. Anayeanza tunampa 10x50 ya macho mawili: 10 ni kukuza, 50 ni kipenyo cha lenzi ya mbele. Kwa darubini hiyo utaiona miezi minne mikubwa ya Mshtarii (Jupita), Kilimia kilichojaa nyota, na Omega Centauri, rundo kubwa la nyota za mbali, ikiwa kama kipande cha pamba, mradi uegemeze viwiko ukutani. Ukiwa na hela zaidi, ruka moja kwa moja hadi darubini ya kioo ya milimita 150 kwenye kitako cha mbao, aina ya Dobsonian. Inakusanya mwanga zaidi ya mara sita ya ile ya 60. Ikisafiri kwa treni itahitaji vioo kupangwa upya; tunakufundisha hapohapo kwa nyota moja, haichukui robo saa.

Stendi za mota, zile zinazozungusha darubini kufuata nyota, ndizo zinazotupa kazi ya kueleza. Mhimili wake lazima uelekee ncha ya anga, yaani pale nyota zinapoonekana kuzunguka, na kimo cha ncha hiyo ni sawa na latitudo ya ulipo. London ni nyuzi 51. Kigoma na Tabora ni kama nyuzi 5, tena kusini, hivyo Polaris, nyota ya kaskazini wanayoitumia wenzetu huko hapa hatuioni kabisa. Mhimili unakuwa karibu umelala chini. Kijana mmoja wa Tabora alitumiwa stendi na ndugu yake aliye Ulaya, skrubu ya kushusha mhimili ikagota kwenye nyuzi 20. Stendi inaitwa "ya ikweta" na karibu na ikweta haifanyi kazi! Tulimchongea kabari ya mninga yenye mwinamo wa nyuzi 15, akaondoka nayo. Kabla hujalipia, uliza namba ya chini kabisa ya latitudo.

Picha za nyota hazihitaji hayo yote. Simu inayokuruhusu kurekebisha mwenyewe, stendi isiyotikisika, ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 1600, sekunde 15, na kichelewesho cha sekunde 2 ili kidole kisiitingishe. Mwenye kamera agawe 500 kwa urefu wa fokasi wa lenzi yake, ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake: ya milimita 24 inampa kama sekunde 20 kabla nyota hazijawa mistari. Kama sensa yake (sehemu ya kamera inayopokea picha) ni ndogo, ashuke hadi 14.

Mei na Juni ndiyo miezi yetu, Msalaba wa Kusini ukiwa juu mapema usiku. Kuanzia Agosti moshi wa miombo unaharibu. Usiku wa 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa wote kuanzia saa 2:30, wengine walibishana kama wekundu ule ni wa kupatwa au wa moshi.

Kuna jambo moja la Kigoma tu. Usiku wa giza tunaoutaka sisi ndio wanaoutaka wavuvi wa dagaa, na taa zao zinageuza ziwa kuwa mji. Mwaka 2024 uvuvi ulipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, upande wa magharibi ulikuwa mweusi ajabu, ingawa tunajua wao hawakuufurahia. Miezi mingine panda vilimani, ziwa liwe mgongoni. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, nyota nazo zinafifia: siku hizo foleni yetu ni fupi, lete darubini ikaguliwe.