Mtoto aulizwe kwa nini, jibu peke yake halitoshi

Mhariri, salaam kutoka Kigoma. Huku Mwanga mpaka Ujiji siku hizi utasikia wazazi wanasema akili mnemba ishatupita kwenye hesabu, sasa mtoto ahangaike na hesabu za nini wakati simu inampa jibu hapohapo. Mi nafundisha tuisheni ya hesabu na maneno haya yananiumiza kwa kweli.

Uwezo wa mashine siukatai. Mwaka 2025 programu ya Google DeepMind ilifanya maswali ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Hesabu, yale mashindano ya wanafunzi wa sekondari, ikapata pointi 35 kati ya 42, kiwango cha medali ya dhahabu, na ikaandika uthibitisho kwa maneno kama wanavyoandika wanafunzi, swali la sita tu ndo liliishinda. Tuipe haki yake.

Ila kukagua namba nyingi na kujua ni vitu viwili. Toka 1742 kuna dai la mwanahesabu Goldbach, kwamba kila namba shufwa inayozidi 2 ni jumla ya namba tasa mbili, yaani 8 ni 3 na 5, 20 ni 7 na 13. Kompyuta zimekagua mpaka 4 yenye sifuri 18 nyuma yake, zote zimekubali, na bado halijathibitishwa mpaka leo. Na wanahesabu wana sababu ya kuwa wagumu hivyo, maana mwenzao Pólya naye mwaka 1919 alileta dai lake kuhusu namba, kila namba iliyojaribiwa ikakubali, baadae likavunjika, na namba ndogo kabisa inayolivunja ni 906,150,257. Hebu fikiria ungeishia milioni mia tano!

Sasa mpe mtoto wa darasa la tano vizibo vya soda. Aweke 1, azungushie 3 kwa pande mbili upate mraba wa 4, azungushie 5 upate wa 9, halafu 7 upate wa 16. Hapo anaona mwenyewe kwamba ukijumlisha namba witiri kuanzia 1 kwa mfuatano lazima upate mraba, hata uende wapi, na hajakagua hata namba ishirini. Aliyesomewa jibu na simu hiki hana, hata kama jibu lake ni sahihi.

Ombi langu mhariri, kwenye ukurasa wa watoto wekeni swali moja la hesabu kila wiki, na jibu lisipokelewe mpaka mtoto aeleze kwa nini.

Mwalimu wa tuisheni,
Kigoma