Mwanangu, Majibu Yale Hayamtaji Mtu

Mwanangu mpendwa,

Tangu uliponipigia simu ukilia kwamba kipimo kimeonyesha una HPV, virusi viwezavyo kuleta saratani ya mlango wa kizazi, aina ya 16, neno moja limenikaa moyoni: ulisema sasa umehakikisha kuwa mumeo ana mtu mwingine. Nimefanya kazi ya uuguzi hadi nikastaafu, na ninakusihi uisome barua hii kwa utulivu kabla hujamwambia mkwe wangu neno ambalo hutaweza kulirudisha.

Virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana, hilo ni kweli, lakini vinaweza kukaa kimya mwilini miaka mingi, kwa mwanamke na kwa mwanamume, bila dalili yoyote. Majibu yako hayasemi ulivipata lini wala kwa nani. Huenda vilikuwapo hata kabla ya posa. Wengi wetu huvipata wakati fulani, na mara nyingi kinga ya mwili huvimaliza ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Kinachonishughulisha mimi ni vile vinavyokataa kuondoka. Aina ya 16 na ya 18 ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi, ingawa kwa mwenye kinga nzuri ugonjwa huchukua miaka 15 hadi 20 kukomaa, na kwa anayeishi na VVU bila dawa huja mapema zaidi. Muda unao, ila usiukalie. Rudi kliniki wakupake siki kwenye mlango wa kizazi: palipobadilika hugeuka peupe, na doa likiwa dogo huunguzwa au hugandishwa kwa baridi kali, nawe ukarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Mama yako mkubwa hakuipata nafasi hiyo. Damu ilipomrudia miaka mitatu baada ya kukoma hedhi, aibu ilimfunga mdomo, hata mimi, dada yake muuguzi, hakuniambia. Alipofika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea.

Mjukuu wangu naye ametimiza miaka 10. Tanzania sasa hutoa dozi moja ya chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na hufaa zaidi kabla binti hajakutana na virusi. Maneno ya kwamba inafunga kizazi si ya kweli, mpeleke.

Jumatano nitapanda basi la alfajiri. Usiende kliniki peke yako, nisubiri.

Mama yako